Siku nne Berlin: tuanze na hesabu, picha baadaye



Najua mmezoea kunikuta hapa nikilalamikia hifadhidata na programu za simu, na najua pia nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Samahani. Leo naomba ruhusa nitoke nje ya msimbo kidogo. Tangu nirudi kutoka Berlin mwezi wa Mei 2025, watu wananiuliza swali moja kwa namna kumi: "Ulitumia pesa ngapi?" Nimejibu kwenye WhatsApp hadi vidole vikachoka. Sasa naandika mara moja, kisha kila atakayeuliza nitampa kiungo. Mwandishi wa programu mzuri ni mvivu, hapendi kufanya kazi moja mara mbili.

Lakini sitaki kusimulia safari tu. Nina hoja. Miongozo karibu yote ya "Ulaya kwa bei nafuu" iliyojaa mtandaoni haikuandikwa kwa ajili yetu. Iliandikiwa mtu anayeamka Ijumaa, anaona tiketi ya ndege ya euro 40, anachukua begi na kuondoka. Mtu huyo hahitaji viza. Ukiifuata miongozo hiyo hatua kwa hatua ukiwa Nairobi, Kisumu au Mombasa, utapoteza pesa. Nasema hivi kwa sababu mimi nilipoteza.

Shilingi 61,000 zilizokwenda na maji

Mwaka 2019 niliona tiketi ya bei ya kutupa ya kwenda mji mmoja wa Ulaya. Muda wa ofa ulikuwa unaisha usiku ule ule, na tovuti ilikuwa na ile saa nyekundu inayohesabu kurudi nyuma. Mimi ninayejua jinsi saa ile inavyotengenezwa, ninayeweza kuiandika kwa mistari sita ya msimbo, niliingiwa na hofu kama mtu mwingine yeyote. Nikalipa shilingi 61,000. Tiketi hairudishwi pesa wala haibadilishwi tarehe.

Wiki tatu baadaye viza ikakataliwa. Karatasi niliyopewa ilikuwa na visanduku, na kimoja kilikuwa kimetiwa alama: wana shaka kama ningerudi nyumbani. Sitaitaja nchi wala shirika la ndege, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Pesa zile nilikuwa nimezikusanya kwa karibu mwaka mzima kutokana na vibarua vya usiku vya kutengeneza tovuti. Nilikaa miezi kadhaa bila kumwambia mtu nyumbani.

Katika kazi yetu kuna jambo linaloitwa utegemezi. Sehemu B ikitegemea sehemu A, huwezi kuianza B kabla A haijathibitika. Mimi nilikuwa nimeianza B. Kwa mwenye pasipoti ya Ulaya tiketi haitegemei kitu, ndiyo maana mwongozo wake unaanza na tiketi. Kwetu sisi tiketi inategemea viza. Balozi nyingi za Schengen zenyewe hushauri usilipe tiketi kabla ya viza kutoka, lakini nani husoma maandishi madogo wakati saa nyekundu inahesabu?

Basi mpangilio wangu sasa ni huu, na sheria yake ni moja: kitu kisichorudishwa pesa hulipiwa mwisho, isipokuwa ada ya viza ambayo haina ujanja.

1. Fungua lahajedwali, fanya hesabu yote kabla ya kulipa shilingi moja.
2. Weka nafasi ya kulala inayoweza kufutwa bila gharama.
3. Pata bima ya safari. Ya Schengen lazima iwe na kinga isiyopungua euro 30,000 za matibabu. Tafuta kampuni inayorudisha pesa viza ikikataliwa.
4. Peleka maombi ya viza. Unaruhusiwa kuomba hadi miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Usingoje hizo siku 15.
5. Viza ikitoka, ndipo ununue tiketi ya ndege, hata kama imepanda kidogo.

Neno moja kuhusu taarifa ya benki. Kuna watu watakushauri ukope laki mbili uziweke kwenye akaunti wiki moja kabla ya maombi ili ionekane nene. Usifanye hivyo. Anayesoma taarifa ile anasoma miezi kadhaa, na pesa iliyoanguka jana kutoka mbinguni huonekana kama hitilafu katika kumbukumbu za mfumo. Mshahara mdogo unaoingia kila mwezi unasema ukweli vizuri zaidi kuliko laki mbili za wenyewe.

Lahajedwali lenyewe

Haya ndiyo matumizi yangu kwa siku nne na usiku nne, kuanzia Alhamisi asubuhi hadi Jumatatu asubuhi. Nilihesabu euro moja kwa shilingi 150.

- Ada ya viza: euro 90
- Bima: euro 24
- Tiketi ya ndege, kwenda na kurudi, kupitia mji mwingine: euro 560 (shilingi 84,000)
- Kitanda katika chumba cha pamoja cha hosteli, usiku 4 kwa euro 31: euro 124
- Usafiri wa mjini: euro 38.20
- Chakula, euro 20 kwa siku: euro 80
- Viingilio: euro 30
- Data ya simu: euro 8
- Akiba ya dharura: euro 60

Jumla: euro 1,014.20, yaani shilingi 152,130.

Sasa tazama vizuri mistari mitatu ya kwanza. Viza, bima na ndege ni euro 674. Theluthi mbili ya bajeti yote imekwisha kabla sijaona hata nyumba moja ya Berlin. Mji wenyewe, pamoja na akiba, ulichukua euro 340 tu.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Miongozo ya wenzetu hutumia kurasa kumi kukufundisha jinsi ya kuokoa euro 3 kwenye chakula cha mchana. Kwao hilo lina maana, kwa sababu chakula na malazi ndiyo bajeti yao. Kwetu hiyo ni sawa na kuboresha kasi ya kitanzi kinachokimbia mara nne huku hifadhidata inachukua dakika nzima kufunguka. Kila mwandishi wa programu anajua: pima kwanza, kisha boresha panapokula muda.

Kuna la pili. Gharama ile ya euro 674 haibadiliki ukikaa siku nne au siku nane. Siku moja zaidi Berlin, kwa kitanda, chakula na usafiri, ingeniongezea kama euro 65. Siku nne zilinigharimu wastani wa euro 254 kwa siku. Siku nane zingekuwa kama euro 159 kwa siku. Kwa hiyo "safari fupi ya wikendi" ambayo kwa kijana wa Madrid ni njia ya kubana matumizi, kwa kijana wa Nairobi ndiyo njia ya gharama kubwa kuliko zote kwa kila siku unayokaa. Ukiwa na likizo ndefu, kaa zaidi. Ukienda kwa mkutano wa kikazi ambao mwajiri amelipia tiketi, omba siku tatu za likizo uziunganishe hapo hapo, na uombe viza inayozihesabu siku hizo. Mimi nilikuwa na siku nne tu za kuondoka kazini, nikaenda nikijua bei yake.

Berlin ina mwanga kiasi gani?

Gharama hii hakuna aliyeniambia. Sisi tumezaliwa karibu na ikweta. Kwetu jua huchomoza saa kumi na mbili, huzama saa kumi na mbili, na siku ni kitu kisichobadilika kama herufi kubwa ndani ya msimbo. Berlin, siku ni kigezo. Mwezi wa Juni kuna karibu saa 17 za mwanga. Mwishoni mwa Desemba hazifiki 8, jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni.

Sasa mtu anakuuzia tiketi ya Januari kwa bei ya chini, unashangilia. Gawanya bei kwa saa za mwanga. Mambo ya bure katika mji kama Berlin ni ya nje: kutembea, bustani, kumbukumbu za ukuta, majengo. Ukienda wakati wa giza na baridi utakimbilia ndani, na ndani hulipiwa. Mimi katikati ya Mei nilikuwa nikitembea hadi saa tatu kasoro usiku bado naona njia. Nilipata karibu siku mbili kwa bei ya moja.

Habari zilizochacha

Kila anayetengeneza tovuti anajua tabu ya nakala zilizohifadhiwa: ukurasa ulibadilika jana, kivinjari bado kinakuonyesha wa juzi. Mtandao mzima wa habari za safari uko hivyo. Nilikusanya ushauri kuhusu Berlin kutoka kurasa nyingi, na haya ndiyo niliyokuta yamechacha:

- "Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho ni bure." Mpango huo ulianza 2021, ukafutwa mwishoni mwa 2024 jiji lilipopunguza matumizi.
- "Usikose jumba la Pergamon." Lilifungwa lote Oktoba 2023 kwa ukarabati. Mpango uliotangazwa ni kufungua sehemu yake mwaka 2027.
- "Kodi ya malazi ni asilimia 5." Tangu Januari 2025 ni asilimia 7.5.
- "Viza ya Schengen ni euro 80." Tangu Juni 2024 ni euro 90.
- "Ukitua Tegel panda basi." Uwanja wa Tegel ulifungwa Novemba 2020.

Niliiuliza pia programu moja ya akili unde, nayo ikanijibu kwa ujasiri mkubwa kwamba makumbusho ni bure Jumapili ya kwanza. Haikudanganya kwa ubaya, ilisoma kurasa zile zile nilizosoma mimi. Kwa hiyo sheria yangu: ukurasa usio na tarehe si habari, ni hadithi. Bei yoyote iendayo kwenye lahajedwali lazima itoke kwenye tovuti ya mwenye bei, na kando yake naandika siku niliyoisoma. Hata bei zangu hapa, zisome hivyo hivyo: ni za Mei 2025.

Jambo moja jipya kwa watakaokwenda sasa: tangu tarehe 12 Oktoba 2025 nchi za Schengen zilianza mfumo unaoitwa EES, unaochukua picha na alama za vidole mpakani badala ya kugonga muhuri. Maana yake ile sheria ya siku 90 ndani ya kila siku 180 sasa inahesabiwa na kompyuta, si na ofisa anayefunua kurasa. Ukizidisha siku moja, mfumo utajua.

Uwanja uliochelewa miaka minane

Ndege za Berlin sasa zinatua uwanja wa BER, na mtengeneza programu yeyote anapaswa kusimama pale dakika tano kwa heshima. Uwanja huu ulikuwa ufunguliwe Juni 2012. Mialiko ilikuwa imekwisha tolewa. Chini ya wiki nne kabla ya siku yenyewe, ufunguzi ukaahirishwa, kwa sababu mfumo wa kuzuia moto na kuondoa moshi haukuwa tayari. Waliporudi kukagua, wakakuta tatizo juu ya tatizo. Uwanja ulifunguliwa tarehe 31 Oktoba 2020. Wajerumani, tunaoambiwa kila kitu chao huenda kwa saa! Nilifarijika sana nikikumbuka miradi yangu iliyochelewa miezi miwili.

Kutoka BER unahitaji tiketi ya kanda ABC, iliyokuwa euro 4.70 mwaka 2025. Ndani ya mji inatosha ya kanda AB: mwaka 2025 ilikuwa euro 3.80 kwa safari moja, au euro 10.60 kwa saa 24. Tiketi moja hufaa kwa treni ya chini ya ardhi, treni ya juu, tramu na basi. Kutoka safari ya tatu, ile ya saa 24 inalipa. Na hizo ni saa 24 kamili, si siku ya kalenda. Ukiianza Ijumaa saa tano asubuhi, itakupeleka hadi Jumamosi saa tano. Kwa hiyo nilinunua mbili tu kwa siku nne, siku zilizobaki nikatembea kwa miguu na tiketi moja moja.

Hakuna geti wala kondakta. Unaingia kwenye treni kama unaingia nyumbani kwako. Lakini tiketi ya karatasi lazima uigonge kwenye kisanduku kilichoko jukwaani kabla ya kupanda. Usipoigonga, ni sawa na huna tiketi, na wakaguzi huvaa nguo za kawaida. Faini ni euro 60, yaani akiba yangu yote ya dharura. Mtu wa Nairobi aliyezoea kondakta kumgusa bega hujisahau kirahisi.

Kuna pia tiketi ya mwezi ya nchi nzima, Deutschlandticket, iliyokuwa euro 58 mwaka 2025. Kwa siku nne haifai. Kwa siku kumi na zaidi, hasa ukitaka kutoka nje ya mji, ifikirie. Ila jua kwamba ni usajili unaojirudia kila mwezi hadi uufute, na kuufuta lazima iwe kufikia tarehe 10 ya mwezi. Usipofuta utakuwa umeketi Nairobi ukilipia treni za Ujerumani.

Kwa ramani nilitumia OsmAnd, inayotumia data ya OpenStreetMap, nikiwa nimeipakua Berlin nzima kabla ya kuondoka. Inafanya kazi bila intaneti. Mradi huu si wa wageni kwetu: mwaka 2009 vijana wa Kibera walichora mtaa wao humo kupitia Map Kibera, wakati ramani rasmi zilikuwa hazionyeshi hata vichochoro.

Kuhusu chakula nitasema machache. Maji ya bomba yanakunywika, beba chupa. Chupa ya plastiki dukani ina amana ya senti 25, usiitupe, irudishe kwenye mashine. Na maduka makubwa hufungwa Jumapili, karibu yote isipokuwa ya vituo vikubwa vya treni, kwa hiyo nunua mkate na matunda Jumamosi. Aliyesahau atakula hotelini, na bajeti italia.

Andika unachotaka kabla ya kwenda

Mteja asiyejua anachotaka ndiye mteja ghali kuliko wote. Nimekaa na wengi. Msafiri naye ni hivyo. Siku nne hazitoshi kuona Berlin, na anayejaribu kuona yote hulipa viingilio kumi na kukumbuka viwili. Nilijiandikia mstari mmoja juu ya lahajedwali: *nataka kuona palipogusa kompyuta, na palipotugusa sisi.* Kila kilichopendekezwa na mtandao nilikipima kwa mstari huo.

Upande wa kompyuta, Berlin ndiko Konrad Zuse alikojenga mashine zake. Z1 aliijenga miaka ya 1930 ndani ya nyumba ya wazazi wake. Z3, iliyokamilika 1941, inahesabiwa kuwa kompyuta ya kwanza duniani iliyofanya kazi kwa kufuata programu. Zote mbili ziliharibiwa na mabomu vitani. Zuse mwenyewe alisimamia kujengwa upya kwa Z1 miaka ya 1980, nayo iko katika makumbusho ya teknolojia, Deutsches Technikmuseum. Ni vipande vya chuma vinavyoteleza, 0 na 1 unaviona kwa macho. Nilisimama pale hadi mlinzi akaanza kunitazama.

Upande wetu, nilianza na makumbusho ya viumbe, Museum für Naturkunde. Ukiingia tu ukumbini unakutana na mifupa ya dinosaria yenye kimo cha mita 13.27, mirefu kwa kimo kuliko yote iliyosimamishwa duniani. Mnyama huyu ni Mtanzania. Alichimbwa Tendaguru, karibu na Lindi, kati ya 1909 na 1913, wakati wa utawala wa Wajerumani. Mamia ya wafanyakazi wa kule walichimba, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Mifupa ilibebwa vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200. Hiyo ilikuwa miaka michache tu baada ya vita vya Maji Maji, katika nchi ile ile iliyokuwa imeteketezwa. Watoto wa Kijerumani walikuwa wakipiga kelele za furaha chini ya mnyama yule. Mimi nilikuwa nikitafuta jina la Lindi kwenye maelezo.

Kisha vitu vya bure. Katika Wilhelmstraße 92 kuna bango la kumbukumbu ya Mkutano wa Berlin, ulioanza 15 Novemba 1884 na kwisha 26 Februari 1885. Jengo lenyewe halipo tena. Shuleni tulifundishwa kama vile wakubwa wale walikaa mezani na rula wakachora Kenya na Tanganyika. Kwa kweli mkutano uliweka masharti ya kugombania Afrika, na mstari wetu wa kutoka pwani hadi Ziwa Viktoria ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya 1886 na 1890. Hiyo nayo ni habari iliyochacha tuliyoibeba kichwani miaka mingi. Lakini hakuna Mwafrika aliyeketi katika mkutano ule, na hilo halihitaji kusahihishwa.

Na katika Brunnenstraße 193 kuna kipande kidogo cha shaba, sentimita 10 kwa 10, kilichopachikwa kwenye njia ya waenda kwa miguu. Kina jina la Mahjub bin Adam Mohamed, anayejulikana pia kama Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam 1904, akawa askari mtoto katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akafika Berlin 1929. Alifanya kazi ya kuhudumia mezani, akaigiza filamu, akasaidia kufundisha Kiswahili kwa Wajerumani. Wanazi walimkamata 1941 kwa sababu ya uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, na akafia katika kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Niliinama nikasoma. Watu walinipita kushoto na kulia wakienda zao. Mtu wa lugha yangu, chini ya miguu ya mji.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi wa miguu hadi Bernauer Straße, penye kumbukumbu ya Ukuta wa Berlin, bure pia. Kuba la vioo la jengo la bunge ni bure, ila ujiandikishe mapema kwa jina na tarehe ya kuzaliwa na uende na pasipoti. Uwanja wa zamani wa ndege wa Tempelhof umekuwa bustani tangu 2010. Unatembea kwenye njia ya kurukia ndege, unakula mkate wako, hakuna anayekudai.

"Na Lamu umeshafika?"

Mama yangu aliponiona picha aliniuliza, "Mwanangu, na Lamu umeshafika?"

"Bado, Mama."

"Haya." Akanyamaza. Mama yangu akinyamaza hivyo ujue ameshinda.

Ni swali la haki. Kwa shilingi 152,000 ningekaa Lamu wiki kadhaa, na pesa ingebaki kwa watu wetu. Sitamwambia mtu kwamba kwenda Ulaya ni lazima, wala kwamba asiyekwenda amekosa maisha. Anayekopa ili apige picha mbele ya lango la Brandenburg, namsihi asikope. Picha ziko mtandaoni, nzuri kuliko atakayopiga.

Lakini nakataa pia wazo kwamba safari hizi si za watu kama sisi. Ugumu wa viza umetufanya tuone Ulaya kama mahali pa kuhamia au pa kuzuiwa, pasiwe mahali pa kutembelea tu, kutazama, kuuliza maswali na kurudi kazini Jumanne. Wao huja Mara na Diani kutazama. Sisi nasi tuna mambo ya kwenda kutazama kule, mengine yalichukuliwa kwetu. Kinachotuangusha mara nyingi ni kufuata mpangilio wa mtu mwingine. Basi tengeneza wako: viza kabla ya tiketi, tarehe kando ya kila bei, mwanga ndani ya hesabu, na mstari mmoja juu unaosema unakwenda kuona nini. Ukishindwa kuuandika mstari huo, funga lahajedwali, nenda Lamu.

Mimi Lamu naenda Desemba. Nimekwisha ambiwa nitaambatana na nani.

Mwenye swali au bei mpya aandike, na asisahau tarehe. Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata. Kwaherini.